Historia Fupi ya Tiba ya Uraibu wa Unga, Pwani ya Malindi na Kilifi



Kila mwaka kitabu hiki huandikwa hesabu ya fedha, majina ya ndugu waliotangulia mbele ya haki, na kazi zilizofanywa na kamati. Safari hii tumeona vema kuongeza maelezo ya jambo moja lililoingia katika nyumba nyingi za pwani yetu, nalo mpaka leo husemwa kwa kunong'ona. Jambo hilo ni unga. Juu ya madhara ya unga mengi yamekwisha kusemwa misikitini, makanisani na barazani, nasi hatuna haja ya kuyarudia yote. Twataka kuandika habari za upande wa pili: njia ya kutoka katika unga ilianzaje katika nchi yetu, nani aliyeifungua, kwa nini ilipingwa, na imefika wapi. Mzazi anapokuja kwa wazee akauliza, "Mwanangu nimpeleke wapi?", yafaa apate jibu lenye msingi.

URAIBU WA ZAMANI

Neno uraibu si geni katika lugha yetu. Wazee walipolitaja walikusudia tambuu, popoo na tumbaku, vitu vya kuburudisha kinywa baada ya chakula na kumkirimu mgeni. Katika nchi ya Mijikenda, nyuma ya pwani, tembo la mnazi lilikuwa na adabu yake. Lilitolewa katika arusi, katika matanga, katika tambiko, na mbele ya wazee wanaposikiliza shauri. Hatusemi kwamba walevi hawakuwapo. Walikuwapo, nao walikanywa. Lakini ulevi ule ulikuwa mbele ya macho ya watu, na mlevi hakukosa mtu wa kumshika mkono na kumrudisha kwake.

Serikali ya kikoloni ilipokuja ilitunga sheria zake. Tembo likatakiwa leseni, na bangi ikapigwa marufuku mwaka 1914. Tangu wakati huo watu wakazoea kwamba mambo ya ulevi ni ya askari na hakimu. Mazoea hayo yalikaa sana, na yalipokuja makubwa zaidi, ndiyo yaliyotangulia kutumika.

UNGA UNAINGIA

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1980. Hutengenezwa kwa afyuni ya mashamba ya Asia, ikavushwa Bahari ya Hindi ili iendelee mpaka Ulaya na kwingineko. Na mzigo upitao mahali hauachi kumwagika. Ukubwa wa biashara hiyo ulidhihirika Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilipokamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani yetu. Malindi na Watamu ilikuwa miji ya mahoteli na wageni, yenye fedha nyingi katika msimu na vijana wengi wasio na kazi msimu ukiisha. Unga ukapata soko.

Aina ya kwanza iliitwa "brown sugar", rangi yake kama ya udongo. Vijana waliuvuta moshi wake, au waliuchanganya na bangi katika sigara. Bibi Susan Beckerleg, mtaalamu wa mila na maisha ya watu aliyefanya utafiti Watamu, aliandika mwaka 1995 katika jarida la African Affairs jinsi vijana wa mji ule walivyokuwa kati ya njia mbili, ya unga na ya sala ya Ijumaa. Habari zetu, basi, zilikuwa zimeandikwa na kusomwa ng'ambo wakati sisi wenyewe tulikuwa bado twazificha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja aina nyingine, nyeupe, ikaitwa "white crest". Mtu aweza kudhani kwamba rangi ya unga si kitu, kumbe hapo ndipo mambo yalipogeuka. Unga mweupe huyeyuka katika maji kwa wepesi, ukafaa kutiwa katika sindano. Walioanza kwa moshi wakaanza kujidunga, na sindano moja ikapita mikono ya watu wawili, watatu, wanne. Kwa njia hiyo maradhi mawili yakakutana: uraibu na UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa Nairobi mwaka 2011 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanaojidunga, takriban watu 18 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, hali katika watu wazima wa Kenya kwa jumla walikuwa kiasi cha 6 katika 100.

Hapa yafaa tueleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi wetu twauona kwa nje tu. Anayetumia unga kila siku hufika mahali ambapo raha imekwisha kuondoka, na mwili umeuzoea unga hata hauwezi kukaa bila yake. Zikipita saa chache tangu kete ya mwisho, huja ile hali ambayo vijana huiita arosto: jasho na baridi pamoja, kamasi na machozi, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, usingizi kukatika. Ukali wake hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi. Anayeiba kuku wa mamake asubuhi huenda anaikimbia arosto ya adhuhuri. Wala arosto ikiisha ugonjwa haujaisha, kwa kuwa tamaa hukaa miezi na hata miaka, nayo huamka kwa kuona mahali, rafiki au fedha mkononi.

MLANGO WA KWANZA

Miaka ya mwanzo jamaa walijitahidi kwa walichokuwa nacho. Wako waliowafungia vijana wao vyumbani mpaka arosto ipite. Wako waliowapeleka shamba kwa wajomba, au madrasa ya mbali, au kwa mganga. Baadhi walipona. Wengi walirudi mjini, na mjini wakawakuta wenzao pale pale walipowaacha.

Serikali ilitunga sheria mpya ya madawa ya kulevya mwaka 1994, nayo iliweka vifungo virefu sana. Watu wachache hujua kwamba sheria hiyo hiyo ilitoa ruhusa ya kuwekwa nyumba za matibabu na marekebisho, na ilimpa hakimu uwezo wa kumpeleka mraibu huko. Mlango ulikuwapo katika karatasi. Nyumba zenyewe ndizo zilizokosekana. Mtu wa Malindi aliyetaka daktari wa maradhi haya alitazama Mombasa, mwendo wa kilomita 120, au Nairobi kwenye hospitali ya Mathari, ambayo ni ya wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910. Na ni mzazi gani aliyependa kusikia kwamba mwanawe yuko Mathari?

Ndipo mwaka 1995 ilipoanzishwa Malindi kazi iliyoitwa The Omari Project. Haikuanza na jumba kubwa wala haikungoja amri kutoka juu. Ilianza kwa watu waliokubali kwenda vijiweni, kukaa na mateja, na kuwauliza habari zao bila ya kuwatukana. Wataalamu wa Bristol Drugs Project ya Uingereza, ambao walikuwa na maarifa ya kazi kama hiyo katika mji wao, waliwasaidia watumishi wa Malindi kwa mafunzo. Baadaye ikapatikana nyumba ya kukaa wagonjwa huko Msabaha, nje kidogo ya mji. Humo mtu alipitishwa katika arosto, kisha akafundishwa upya mambo ambayo unga ulikuwa umemwondolea: kuamka mapema, kufanya kazi ya mikono, kula na wenzake, kusema kweli juu ya nafsi yake.

Twaandika habari hizi kwa heshima, kwa sababu mwanzo huo ulikuwa mgumu. Aliyemsaidia teja alidhaniwa kuwa naye ni teja, au mfanyabiashara ya unga. Nafasi za kulala zilikuwa chache kuliko walioomba. Nyumba za namna hii kwa kawaida zilikuwa za wanaume, na mwanamke aliyeingia katika unga alibaki nje, akiwa na aibu mara mbili: ya unga, na ya yale ambayo watu walidhani aliyafanya ili kuupata. Isitoshe, baadhi ya waliotoka wakiwa wazima walirudia. Wapinzani walisema, "Mwaona? Haina faida." Lakini waliozoea kazi hiyo walijua ya kuwa kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu, na kwamba mtu huweza kuanguka mara tatu na kusimama mara ya nne. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

UHABA WA MWAKA 2010 NA 2011

Mwishoni mwa mwaka 2010 serikali iliwabana wafanyabiashara ya unga, na kuanzia Desemba hata miezi ya mwanzo ya 2011 heroini ikaadimika katika miji ya pwani. Kama askari peke yake wangetosha kuumaliza ugonjwa huu, hapo ungekwisha. Yaliyotokea ni kinyume. Watu walikumbwa na arosto kwa wingi siku moja. Wako waliokwenda hospitalini na katika vituo vya msaada, na nafasi hazikuwatosha. Wako waliokimbilia vidonge na vileo vingine. Kisha unga ukarudi, na wengi waliokuwa wameacha kwa lazima wakarudi nao.

Kipindi hicho kilifundisha mambo mawili. Kwanza, wagonjwa walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na wengi wao walikuwa tayari kupokea tiba kama ingekuwapo. Pili, kumwondolea mtu unga bila ya kumwandalia tiba ni kumhamisha tu kutoka shimo hili hadi shimo lile. Hapa pana hatari ambayo kila mzee yampasa kuijua. Mtu aliyekaa bila unga, ikiwa ni kwa uhaba, kwa kifungo au kwa kukaa nyumba ya tiba, mwili wake husahau kuuvumilia. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, na aweza kufa papo hapo. Wiki za kwanza baada ya kutoka jela ni wiki za kumwangalia mtu kwa karibu. Anayekutwa katika hali hiyo akimbizwe hospitalini bila kungoja. Iko dawa iitwayo naloksoni ambayo humrudishia pumzi ikiwahi.

UGOMVI WA SINDANO

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba wanaojidunga watapewa sindano safi, ili wasiambukizane. Pwani ilitikisika. Viongozi wa dini na wazee wengi walisema kwamba kumpa teja sindano ni kumpa mwizi ngazi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Ilitoka katika uchungu wa watu waliokwisha kuzika vijana wengi. Upande wa pili walijibu kwamba sindano safi haimfundishi mtu unga asioujua, ila humkinga anayejidunga tayari, na humkinga mkewe na mtoto wake atakayezaliwa. Tena kila anayekuja kuchukua sindano huonana na mtu wa afya, na katika kuonana huko ndiko wengi walikopata kuulizwa kwa mara ya kwanza, "Je, wataka kuacha?"

La kupendeza katika ugomvi huo ni kwamba miongoni mwa walioshika kazi hii mlikuwa na vyama vya watu wa dini wenyewe. Mombasa, MEWA, ambacho ni chama cha Waislamu cha elimu na ustawi, kiliingia katika kazi hiyo. Na Malindi iliendelea The Omari Project. Maneno ya wazee wa kupinga yalisikilizwa, na kazi ikaendelea pole pole kwa mashauriano.

METHADONI YAFIKA MALINDI

Wakati huo majirani zetu wa Tanzania walikuwa wametangulia. Zanzibar, mwaka 2009, watu waliokuwa wameacha unga walifungua nyumba ya kukaa pamoja bila ulevi, aliyetangulia kupona akimwongoza aliyemfuata, na nyumba za namna hiyo zikaongezeka. Dar es Salaam, Februari 2011, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni. Kenya ikafuata: Desemba 2014 ilianza Mathari, na Februari 2015 ikafunguliwa kliniki katika hospitali ya Malindi. Kliniki ya kwanza ya pwani ya Kenya ikawa hapa petu.

Methadoni ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mtumishi wa afya. Hukaa mwilini siku nzima, hivyo arosto haiji, na kipimo kikiwa sawa mtu halewi. Asiyelazimika kutafuta kete tatu au nne kila siku hupata nafasi ya kufanya kazi, kulala, na kumeza dawa zake nyingine kama ana UKIMWI au kifua kikuu. Kwa kawaida mgonjwa huletwa na kituo cha msaada kilichomwandaa kwa mashauri, na yafaa awe na jamaa wa kumsimamia.

Wako waliosema kwamba huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Ni kweli kwamba mwili huizoea methadoni, na anayeiacha ghafula atapata arosto. Kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo kwa ushauri wa daktari, na wako wanaoitumia miaka mingi. Lakini mwenye kisukari naye huenda akadungwa dawa maisha yake yote, na hatumwiti mlevi wa sukari. Kipimo cha haki ni kutazama maisha: je, mtu amerudi kwa watoto wake? Ameacha sindano? Ameacha kuiba? Wengi waweza kujibu ndiyo.

KILICHOBAKI

Tangu 2015, basi, jibu la mzazi anayeuliza limekuwa rahisi zaidi kuliko lilivyokuwa mwaka 1985. Hata hivyo, dawa haikumaliza yote. Ya kwanza ni njia. Dawa ya kila siku yataka safari ya kila siku. Aliye Watamu yuko kilomita 25 hivi kutoka Malindi. Aliye mjini Kilifi yuko kilomita 60. Kibarua atalipa nauli kwa kitu gani, na mwajiri gani atangoja mpaka arudi kutoka kliniki? Wengi walioacha tiba hawakushindwa na unga. Walishindwa na nauli.

Ya pili ni kazi, na ya tatu ni jina. Mtu aweza kumaliza mwaka mzima bila unga na bado akaitwa teja dukani, akakataliwa mke, akashukiwa kila kitu kikipotea. Moyo ukivunjika hukumbuka ulikokuwa ukitulizwa. Ya nne ni fedha za kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya vituo vya msaada ilitegemea misaada ya ng'ambo, na Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vingi nchini vilitikisika na vingine vikafungwa. Kitu kinachosimama kwa mkono wa mgeni peke yake huanguka mgeni akiondoa mkono.

YATUPASAYO

Vyama vya ustawi vya Waafrika katika pwani hii ni vya zamani. Mijikenda Union ilianza katika miaka ya 1940, na vyama vidogo vya mitaa na vya koo vilikuwa vingi. Kazi yao haikuwa siri: kumpokea mgeni mjini, kumsaidia mgonjwa, na kuhakikisha kwamba hakuna wetu anayezikwa bila sanda. Chama chetu kimerithi kazi hiyo. Tukiisoma historia iliyotangulia twaona kwamba kila mlango uliofunguka ulifunguliwa na watu waliokubali kuuita ugonjwa huu kwa jina lake. Na twaona pia kwamba yale yaliyobaki, yaani nauli, kazi na jina, hayako mikononi mwa daktari. Yako mikononi mwetu.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu mashauri manne. Uraibu uhesabiwe kuwa ugonjwa katika kifungu cha kusaidia wagonjwa, ili aliye katika tiba aweze kupewa nauli kama apewavyo mwenye maradhi mengine. Pachaguliwe wazee wawili na akina mama wawili wa kuwa jamaa kwa wale wasio na jamaa wa kuwasimamia kliniki. Na akina mama hao wawatafute hasa wanawake na wasichana, ambao huja mwisho. Wanachama wenye maduka, mashua, mashamba na karakana wakubali kila mmoja kumjaribu mtu mmoja anayetoka katika tiba. Na anayetoka jela atembelewe wiki ile ile, kwa sababu tuliyoieleza juu ya pumzi.

Kuna watakaosema kwamba mfuko wetu ni mdogo. Ni mdogo kweli. Lakini kijana wa unga akifa, mfuko huo huo hutoa sanda, ubao, gari la maiti na chakula cha matanga, na hakuna mtu anayelalamika. Nauli ya kliniki hutoka kidogo kidogo, na anayepewa huweza kuja mwenyewe mwisho wa mwaka kutushukuru, na Mungu akipenda, kulipa ada yake kama mwanachama.